Kuwaandaa Wanafunzi Kujadili Kesi ya Uzembe katika Mahakama ya Kuigiza

Utangulizi

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Hata kabla ya hapo, sheria ilikuwa imeruhusu Kiswahili kitumike katika mahakama za chini. Humo ndimo abiria aliyevunjika mguu au kibarua aliyeangukiwa na mawe hudai fidia, na aghalabu hutoa ushahidi wake kwa Kiswahili. Mwanafunzi wa Kiswahili atakayekuwa mkalimani, wakili au mwalimu hana budi kujua jinsi kesi ya aina hii inavyojengwa. Mahakama ya kuigiza ni darasa mwafaka la kumfunza hayo. Makala haya yanaeleza namna ya kumwandaa, na yanashikilia kwamba ufasaha hauwezi kuchukua nafasi ya thibitisho.

Maana ya uzembe mbele ya sheria

Katika mazungumzo ya kila siku, 'uzembe' ni lawama juu ya tabia ya mtu: ni mvivu, hajali. Neno 'utepetevu', ambalo magazeti hulitumia kuhusu hospitali na barabara, nalo hubeba dhana ya ulegevu. Mbele ya sheria, hata hivyo, tabia si hoja. Dereva aliyefanya kazi kwa bidii miaka ishirini aweza kupatikana na uzembe kwa kitendo cha nukta moja.

Mdai hutakiwa kuthibitisha mambo manne: kwamba mdaiwa alikuwa na wajibu wa uangalifu kwake; kwamba aliukiuka wajibu huo; kwamba ukiukaji huo ndio uliosababisha madhara; na kwamba madhara yenyewe yalitokea. Likikosekana moja, dai huanguka.

Chimbuko la wajibu huo katika sheria ya kisasa ni kesi ya Donoghue dhidi ya Stevenson. Mnamo Agosti 1928, mjini Paisley, Scotland, Bi. May Donoghue alikunywa soda ya tangawizi aliyonunuliwa na rafiki. Alidai kwamba katika chupa ile, isiyoonyesha kilichomo, mlikuwa na mabaki ya konokono, naye akaugua. Kwa kuwa si yeye aliyeinunua, hakuwa na mkataba na mtu yeyote. Mwaka 1932, majaji wa House of Lords, watatu dhidi ya wawili, waliamua kwamba mtengenezaji aweza kuwa na wajibu kwa mnywaji asiyemjua. Jaji Atkin aliufafanua wajibu huo kwa dhana ya jirani. Mswahili humwita jirani yule aliyepakana naye. Kwa sheria hii, jirani ni yeyote ambaye mtendaji angepaswa kumfikiria kabla ya kutenda, kwa kuwa kitendo chake chaweza kumdhuru moja kwa moja.

Kesi ya mfano

Kesi ya mazoezi yafaa itokane na mazingira ya wanafunzi. Mathalani, abiria anashuka kwenye matatu, utingo anapiga ubavu wa gari, dereva anaondoka, abiria anaanguka na kuvunjika mguu. Anamshtaki dereva pamoja na mwenye gari, kwa kuwa mwajiri huwajibika kwa makosa ya mwajiriwa yaliyotendeka kazini. Upande wa utetezi unadai kwamba abiria aliruka kabla ya gari kusimama.

Wanafunzi watambue kwamba hii ni kesi ya madai. Hakuna 'mshtakiwa' wala 'hatia'. Kuna mdai, mdaiwa na dhima. Vivyo hivyo, mdai hatakiwi kuondoa shaka yote ya msingi kama ilivyo katika kesi ya jinai. Hakimu hupima ni maelezo ya nani yenye uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa kweli. Ikibainika kwamba pande zote mbili zilikosea, dhima hugawanywa, na fidia ya abiria hupunguzwa kwa kadiri ya kosa lake.

Sarufi kama chombo cha hoja

Ni hapa mwanafunzi wa Kiswahili anapopata faida asiyoitarajia. Jambo la tatu, yaani usababishi, hupimwa kwa swali ambalo sarufi tayari ina umbo lake: 'Lau dereva angalisubiri, je, abiria angalianguka?' Wakili wa mdai ajenge ushahidi unaojibu kwamba hangalianguka. Wakili wa mdaiwa aonyeshe kwamba angalianguka vivyo hivyo, kwa kuwa alikwisha kuruka.

Kauli za vitenzi nazo zina uzito. 'Alianguka' hueleza tukio tu. 'Aliangushwa' hudai kwamba yupo aliyesababisha. Wakili akimwuliza shahidi wake mwenyewe, 'Ulipoangushwa na gari ulikuwa wapi?', amekwisha kumtilia jibu mdomoni, na upinzani una haki ya kulikataa swali hilo. Ni heri aulize, 'Ulipokuwa ukishuka, kulitokea nini?' Maswali elekezi huruhusiwa anapomhoji shahidi wa upande wa pili.

Mtego wa methali

Wanafunzi wengi hupenda kuipamba hoja kwa methali. Wakili wa mdaiwa atasema 'ajali haina kinga'. Wa mdai atajibu 'tahadhari kabla ya hatari'. Methali hizi zimebeba hoja mbili za kweli: kwamba tukio halikuweza kuepukika, na kwamba liliweza. Hata hivyo, hakimu hawezi kuamua kwa kulinganisha methali. Anayesema ajali haikuwa na kinga aeleze mdaiwa alichukua hatua gani kuizuia. Anayesema tahadhari ilihitajika aitaje: kutazama kioo, au kungoja abiria akanyage chini.

Hatua za maandalizi

Kwanza, kila upande uchore jedwali la mambo manne, na mbele ya kila jambo uandike shahidi au hati itakayolithibitisha. Nafasi iliyobaki wazi ndiyo udhaifu wa kesi. Pili, mashahidi wapewe taarifa zilizoandikwa na wasiongeze yasiyokuwamo. Mwigizaji wa jukwaani husifiwa kwa ubunifu, lakini shahidi abuniye huiangamiza kesi. Tatu, madhara yathibitishwe kwa hati: ripoti ya daktari na risiti za matibabu. Gharama halisi zisizotajwa katika dai na kuthibitishwa hazilipwi, hata kama mguu uliovunjika waonekana na wote. Nne, pande zibadilishane nafasi, ili kila mmoja ajue hoja ya mpinzani wake. Hatimaye, mwanafunzi aliyekuwa hakimu aandike uamuzi unaojibu maswali yote manne kwa sababu.

Hitimisho

Mkalimani asiyetofautisha 'alianguka' na 'aliangushwa' aweza kumpotezea mdai haki yake, au kumbebesha mdaiwa dhima isiyo yake, pasipo mtu yeyote mahakamani kutambua. Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vyafaa vishirikiane na vitivo vya sheria kuandaa mazoezi haya, wa lugha wakijifunza kuthibitisha na wa sheria wakijifunza kulipima neno kabla ya kulitamka.