Kiingereza cha Kidato cha Tano: HGL au HKL?

Mtoto wa Nassa, katika wilaya ya Busega, akimaliza Kidato cha Nne naye apenda Kiingereza, huulizwa swali ambalo wazazi wake wengi hawakuulizwa: ataka kukisoma pamoja na nini? Maana katika Kidato cha Tano na cha Sita masomo hufungwa matatu matatu, na fungu hilo huitwa tahasusi. Leo twapenda kueleza mafungu mawili ambayo watu huyachanganya sana.

H ni Historia, G ni Jiografia, K ni Kiswahili, na L ni Kiingereza. (Asishangae mtu kwamba si E, herufi hiyo imekwisha kupewa Uchumi.) Kiingereza katika yote mawili ni kile kile: karatasi moja ya lugha, yaani muundo wa maneno na sentensi pamoja na uandishi, na ya pili ya fasihi, yaani riwaya, tamthilia na mashairi. Adhaniye kwamba atafundishwa kusema tu hajaijua kazi inayomngoja. Basi tofauti ni lile somo moja, Jiografia au Kiswahili.

Hapo ndipo wengi hupotea. Husema, Kiswahili ni chetu, kwa hiyo HKL ni nyepesi. Kweli, Kiswahili hujibiwa kwa Kiswahili, hali Jiografia hujibiwa kwa Kiingereza. Aliye mzito wa kuandika Kiingereza hupata nafuu kidogo. Lakini sarufi na uhakiki wa ushairi wa kidato hicho huweza kumtoa jasho hata mtu wa pwani, sembuse aliyelelewa kwa Kisukuma. Jiografia nayo si habari za milima na mito tu. Ina kusoma ramani, takwimu na upimaji wa ardhi. Akimbiaye hesabu na atafakari.

Tena yatazamwe ya mbele. Ataka ualimu wa sekondari? Wa HKL aweza kushika Kiswahili, wa HGL Jiografia. Apendaye mipango ya miji, Jiografia humfaa zaidi.

Tangu mwaka 2022 ada ya vidato hivyo imeondolewa katika shule za serikali. Lakini mtoto aweza kupelekwa bweni la mkoa wa mbali, na nauli na godoro hutoka katika pamba ya baba yake. Miaka miwili iliyopotea katika fungu lisilomfaa ni gharama kubwa kwa nyumba kama hiyo.

Mwaka 2024 serikali ilitangaza tahasusi mpya 49, jumla zikawa 65. Wala si kila shule inazo zote. Uchaguzi hujazwa mtoto angali Kidato cha Nne, na miaka hii ya karibu wanafunzi wamepewa nafasi ya kubadili baada ya matokeo. Mzazi na aketi naye siku hizo, wapime alama za Kiswahili na za Jiografia, kabla nafasi hiyo haijafungwa.