Urembo na Mfuko wa Familia: Tunalipia Usafi au Tunalipia Maradhi?

Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unaingia mahali ambapo wengi wetu hatupendi kukaguliwa: kwenye rafu ya bafuni na kwenye mkoba wa vipodozi. Tunaingia huko kwa sababu ya mama mmoja anayeuza ndizi sokoni, aliyetufuata siku moja baada ya mkutano wa jumuiya.

Hakuja kutuuliza juu ya ugonjwa. Alikuja na shida ya fedha. "Biashara yangu si mbaya," alituambia, "lakini kila mwezi ikifika tarehe ishirini sina hata fedha ya kumnunulia binti yangu taulo za kike. Anakosa shule siku mbili, na mwalimu akiuliza, namwandikia kwamba anaumwa tumbo."

Tulimwomba afanye jambo moja tu. Kwa mwezi mzima aandike kwenye daftari kila shilingi inayotoka kwa ajili ya kuoga, kufua, kupaka, kunyoa na kusuka, kwa watu wote watano wa nyumba yake. Mwezi ulipokwisha alirudi na daftari lake, na kwa ruhusa yake tunalifungua hapa.

Daftari lilisema nini

Sabuni za kuogea na za kufulia zilikuwa shilingi 9,000. Dawa ya meno na miswaki, 4,000. Mafuta ya mgando ya watoto, 3,000. Taulo za kike, pakiti moja, 2,500. Jumla ya hayo ni shilingi 18,500.

Kisha yakafuata mengine. Kusuka na kununua rasta, 25,000. Kinyozi wa baba na kijana, 8,000. Marashi na dawa ya kwapa ya baba, 12,000. Wanja, rangi ya mdomo na ya kucha, 6,500. Mwisho kabisa, kwa mwandiko mdogo kama wa mtu mwenye haya, krimu za uso na losheni ya mama: 28,000. Jumla ya hayo ni shilingi 79,500.

Mwezi mmoja, basi, shilingi 98,000. Kwa mwaka ni shilingi 1,176,000. Mama alirudia hesabu ile mara mbili akidhani tumekosea. Wazee walisema haba na haba hujaza kibaba. Sisi tunaongeza kwamba haba na haba hukitoboa pia.

Lakini hatukushtushwa sana na ile jumla. Tulishtushwa na jambo jingine: krimu za mtu mmoja ziligharimu kuliko usafi wa nyumba nzima. Kwa robo tu ya fedha ya krimu, yaani shilingi 7,000, zingepatikana karibu pakiti tatu zaidi za taulo za kike, na binti asingekosa shule.

Mwili unadai nini hasa?

Kabla ya kumlaumu mtu, tujiulize kwanza mwili wenyewe unahitaji nini ili uwe safi na wenye afya. Orodha yake ni fupi.

Unahitaji maji na sabuni ya kawaida. Sabuni hushika mafuta na uchafu ulioganda juu ya ngozi na kuondoka navyo pamoja na vijidudu. Kunawa mikono kwa sabuni baada ya kutoka chooni na kabla ya kula hupunguza kuhara, hasa kwa watoto. Kazi hiyo haifanywi vizuri zaidi na sabuni ya bei kubwa kwa sababu tu ina harufu ya maua.

Meno yanahitaji mswaki mara mbili kwa siku, na dawa yenye floridi. Mtoto wa chini ya miaka 3 apakiwe dawa kidogo kama punje ya mchele. Wa miaka 3 hadi 6, kiasi cha punje ya njegere. Wengi wetu tunajaza mswaki mzima kama tulivyoona kwenye matangazo, na nusu ya fedha yetu huishia kwenye mfereji.

Ngozi kavu inahitaji mafuta. Mafuta ya mgando, yaliyoanza kuuzwa Marekani katika karne ya 19, bado hayajapata mshindani kwa bei yake. Yenyewe hayaongezi maji kwenye ngozi. Kazi yake ni kuyazuia yasitoke. Kwa hiyo jipake mara tu baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado ina unyevu, na kiasi kidogo kitatosha.

Jasho lenyewe likitoka halina harufu. Harufu huletwa na vijidudu vinavyolichachua kwapani na kwenye nguo. Anayeosha kwapa kwa sabuni kila siku na kubadili shati ameshafanya sehemu kubwa ya kazi. Marashi juu ya shati la jana ni kufunika chungu kilichochacha.

Tuseme pia jambo ambalo akina mama huuliza kwa kunong'ona. Siku hizi zinauzwa dawa na sabuni za kuosha ndani ya uke. Msizinunue. Sehemu hiyo hujisafisha yenyewe kwa ndani, na kuiosha huko huua vijidudu vyema vinavyoilinda. Kwa nje maji safi yanatosha. Ukiona uchafu wenye harufu mbaya au muwasho, nenda zahanati.

Na taulo za kike? Hizo hatuziweki kwenye urembo hata kidogo. Ni hitaji la lazima kama sabuni. Anayetumia vitambaa avifue kwa sabuni na kuvianika juani vikauke kabisa, si kuvificha uvunguni vikiwa vibichi.

Kipo pia kipodozi kimoja ambacho kwa baadhi ya familia ni kinga ya uhai. Ngozi ya mtu mwenye ualbino haina kinga ya kutosha dhidi ya jua, na saratani ya ngozi humwandama mapema. Kwake mafuta ya kuzuia jua, kofia pana na mikono mirefu ni vya lazima. Familia yenye mtoto wa namna hiyo iweke mafuta hayo juu kabisa ya orodha, na iulize hospitalini juu ya msaada wa kuyapata.

Krimu inayodai inunuliwe tena

Turudi kwa mama yetu. Tulimwuliza aliingiaje kwenye krimu. Alianza kwa ajili ya madoa mawili shavuni. Muuzaji alimchanganyia krimu tatu katika kopo moja lisilo na maandishi, ule unaoitwa mkorogo. Baada ya wiki tatu uso uling'aa na kila mtu sokoni akamsifu. Kipya kinyemi, ingawa kidonda.

Alipojaribu kuacha, uso uliwaka, ukatoka vipele na kuwa mweusi kuliko mwanzo. Akanunua tena. Alipokosa fedha uso ulimsuta, alipozipata krimu ilizimeza. Ndugu wasomaji, hapa ndipo penye jambo lenyewe. Sabuni ikiisha, unanunua sabuni kwa sababu umechafuka. Mkorogo ukiisha, unanunua mkorogo kwa sababu mkorogo wenyewe umekuumiza.

Ndani ya makopo hayo huwa kuna nini? Mara nyingi kimojawapo kati ya vitu vitatu, au vyote kwa pamoja.

Cha kwanza ni zebaki. Huzuia ngozi isitengeneze rangi yake, lakini pia huingia mwilini na kuharibu figo, na huweza kuleta kutetemeka mikono, kukosa usingizi na kusahau. Kutoka kwa mama mjamzito hufika kwa mtoto aliye tumboni. Kutoka usoni hufika kwenye taulo, shuka na mashavu ya mtoto anayebebwa, hata kama yeye hajapakwa chochote. Dunia iliijua sumu hii kwa uchungu huko Minamata, Japani, ambako mwaka 1956 iligunduliwa kwamba watu walikuwa wakiugua mishipa ya fahamu. Baadaye ilithibitishwa kuwa chanzo ni samaki wenye zebaki iliyomwagwa na kiwanda. Mkataba wa kimataifa wenye jina la mji huo ulipitishwa mwaka 2013. Uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza na kuuziana vipodozi vyenye zebaki inayozidi sehemu moja katika milioni, na mwaka 2023 nchi wanachama zikakubaliana kwamba ifikapo 2025 kisiwepo kipodozi chochote kilichotiwa zebaki. Hata hivyo makopo bado yanapita kwa njia za panya.

Cha pili ni haidrokwinoni. Daktari wa ngozi anaweza kumwandikia mgonjwa kwa muda mfupi na kwa uangalizi. Ikipakwa miaka na miaka huweza kuacha mabaka ya buluu na nyeusi kwenye mashavu, ambayo ni vigumu sana kuyaondoa.

Cha tatu ni dawa kali za jamii ya steroidi, zilizotengenezwa kwa ajili ya magonjwa ya ngozi. Zikitumika kama mafuta ya kila siku ngozi huwa nyembamba kama karatasi, huchanika michirizi, na vidonda huchelewa kupona.

Nchini Tanzania kazi ya kusimamia vipodozi imekuwa chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, tangu mwaka 2019. Lakini mlinzi wa kwanza ni wewe mnunuzi. Soma boksi. Ukiona maneno kama "mercury", "calomel", "hydroquinone", "clobetasol" au "betamethasone", rudisha. Ukikuta kopo halina maandishi yoyote, usilichukue hata kwa bure.

Na kama umeshatumia kwa muda mrefu, usiingiwe na hofu kwa kusoma ukurasa huu. Nenda hospitali na makopo yako yote mkononi. Daktari atakuonyesha namna ya kuacha kwa usalama.

Tufanye nini nyumbani?

Kwanza, andikeni. Mwezi mmoja tu wa daftari unatosha kuonyesha fedha inakopitia. Baba naye aandike, maana katika daftari tulilosoma kinyozi na marashi yake vilikuwa shilingi 20,000, na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema kwamba wanawake hutumia vibaya.

Pili, gawanyeni orodha sehemu mbili: usafi na afya upande mmoja, urembo upande mwingine. Upande wa kwanza ununuliwe wote siku fedha inapoingia. Upande wa pili usubiri.

Tatu, urembo usifutwe. Kusuka nywele ni furaha ya mama na heshima yake, na kijana anayenyoa vizuri hatendi dhambi. Wekeni kiasi, kisha kila mtu achague ndani ya kiasi hicho bila kusimangwa.

Nne, chungeni maneno yenu. Binti anayesikia kila siku kwamba fulani ni mzuri kwa sababu ni mweupe atatafuta kopo lake siku moja. Rangi ya ngozi yetu ni mwavuli dhidi ya jua, tuliozaliwa nao bila kulipia.

Mama wa ndizi alikwenda kliniki ya ngozi na makopo manne ndani ya mfuko wa rambo. Uso wake haujarudi kama zamani, na daktari amemwambia ukweli kwamba huenda sehemu nyingine zisirudi. Ila daftari linaendelea. Tulipoliona mara ya mwisho, mstari wa kwanza kabisa, juu ya sabuni, uliandikwa kwa mwandiko wa binti mwenyewe: taulo za kike, pakiti nne. Mwezi ule hakukosa shule hata siku moja.