Mwanafunzi wa Kiislamu Anapoingia Chuo Kikuu

Kila mwaka vijana wetu waliomaliza kidato cha sita hutuaga wakielekea chuo kikuu, na wazazi hutuuliza: Je, mtoto atarudi akiwa yuleyule?

Tuitazame Al-Azhar ya Cairo, msikiti uliojengwa kati ya mwaka 970 na 972. Kwa karne nyingi wanafunzi wake waliishi katika riwaki, yaani sehemu za malazi zilizogawanywa kwa nchi walizotoka: Washami, Wamaghribi, Waturuki, na Wajabarti wa Pembe ya Afrika. Katika riwaki mgeni alipata mkate wa wakfu na watu wa lugha yake. Lakini darasani aliketi duara moja na watu wa kila nchi. Kwa Wajabarti hao alitoka Abdurrahman al-Jabarti (1753–1825), mwandishi mashuhuri wa historia ya Misri. Asili yake aliibeba katika jina lake, wala haikumzuia kusoma.

Tunapata mafunzo mawili. Kwanza, anayeficha jina, hijabu au swala yake humaliza nguvu katika kujificha, na mwenye kujificha haulizi maswali darasani. Pili, anayejifungia na wenzake tu hukosa elimu iliyo kwa wengine. Suratul Hujurat, aya ya 13, yatufundisha kuwa tumejaaliwa mataifa na makabila ili tujuane.

Basi kijana wetu, ukifika chuoni watafute Waislamu wenzako, simamisha swala, kisha kaa mbele darasani uulize. Nanyi wazazi, waombeeni dua.

Wabillahi tawfiq.