Utepe Mrefu Kuliko Wote, na Ule wa Kuwamba Southmere

Tarehe 24 Mei 2022 mji wetu wa Thamesmead, London, ulipata treni mpya. Siku hiyo reli ya Elizabeth ilifunguliwa, na kituo chake cha mwisho upande wetu, Abbey Wood, kiko mlangoni mwa mji. Siku hiyohiyo, ng'ambo ya bahari huko Ufaransa, Mfaransa Nathan Paulin alitembea mita 2,200 hewani kuelekea Mont Saint-Michel, juu ya utepe wenye upana wa sentimita 2 hivi. Ilimchukua kama saa mbili, na ikawa rekodi ya dunia ya wakati ule.

Wengi wakisikia habari za namna hii huuliza moyo wa mtembeaji umetengenezwa kwa nini. Mimi huuliza utepe umetengenezwa kwa nini. Mchezo huu wa slakilaini hautumii waya wa chuma uliokazwa kama wa sarakasi. Hutumia utepe bapa unaovutika na kuyumba chini ya nyayo, na rekodi zake zote, ukizifuata vizuri, ni historia ya nyuzi.

Anza na rekodi iliyozaa nyingine. Mwaka 1985 Scott Balcom alivuka pengo la Lost Arrow Spire, Yosemite, Marekani: urefu wa kama mita 17 tu, lakini chini yake kulikuwa na karibu mita 880 za hewa. Wapanda milima wa enzi hiyo walitembea juu ya tepe za nailoni, zile walizokuwa nazo kwenye mikoba yao. Nailoni ilizaliwa mwaka 1935 katika maabara ya DuPont, mikononi mwa Wallace Carothers, na kwa kuvutika ndiyo bingwa katika nyuzi za kisasa za mchezo huu. Ukiikaza sana inaweza kurefuka kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Ndiyo maana wanaoruka na kudunda juu ya utepe huipenda: inapokea kishindo, kisha inakirudisha pole pole.

Sisi tuliotoka pwani tunamjua ndugu yake wa asili. Ni usumba. Pwani ya mashariki ya Unguja wanawake hufukia makumbi ya nazi kwenye mchanga unaofikiwa na maji ya bahari, wakayaacha miezi mingi, kisha wakayafukua meusi na yenye harufu nzito. Huyapiga kwa rungu mpaka nyama itoke na nyuzi zibaki, halafu huzisokota kwa viganja, uzi juu ya uzi, kamba ikirefuka taratibu pembeni ya mguu. Miongoni mwa nyuzi za mimea zinazosokotwa kamba, usumba ndio unaovutika kuliko zote, na maji ya chumvi hayauozeshi upesi. Mitepe ya zamani, vyombo vilivyoshonwa kwa kamba bila msumari, ilihitaji sifa hizo hasa: ubao ukisukumwa na wimbi, mshono unakubali kidogo bila kukatika. Mshonaji wa mtepe angeielewa nailoni kwa kuishika mara moja.

Ila nailoni hunywa maji. Ikilowa inalegea na kupoteza sehemu ya nguvu zake, na jua nalo huila. Kwa mji wetu, uliojengwa kuzunguka maziwa na mifereji, ambapo ukungu wa Thames unaweza kukaa mpaka saa nne asubuhi, hilo si jambo dogo.

Kwa uvumilivu, taji naipa poliesta. Iligunduliwa hapahapa Uingereza mwaka 1941 na John Rex Whinfield na James Tennant Dickson, waliokuwa watumishi wa kampuni ya kuchapa vitambaa yenye makao Manchester. Haivutiki kama nailoni, hainywi maji ya kutajika, na jua inalistahimili vizuri zaidi. Mikanda ya kufungia mizigo ya malori imefumwa kwa poliesta kwa sababu hizohizo. Kasoro yake ni uzito, kwani ni nzito kuliko nailoni kwa ujazo uleule, na zote mbili huzama.

Inayoelea ni nyuzi iliyofanya rekodi nyingi za umbali ziwezekane: polithini ya nguvu nyingi, ambayo wengi huijua kwa jina la Dyneema. Ilitoka Uholanzi, katika maabara za DSM, mwishoni mwa miaka ya 1970. Ukilinganisha nguvu na uzito, inazishinda nailoni na poliesta kwa mbali, na karibu haivutiki kabisa. Fikiria hesabu yake. Utepe wa gramu 50 kwa mita, ukiutandaza mita 2,200, una kilo 110 kabla mtu hajapanda. Uzito huo wote unaning'inia katikati na kuvuta nanga za pande mbili, kwa hiyo kila gramu inayopunguzwa ni mita za ziada. Wanaume wanne waliovuka mita 2,130 huko Lapporten, Sweden, Julai 2021, walikuwa wakishindana na uzito huo kama walivyoshindana na upepo.

Urefu mkubwa kuliko wote ninaoujua kutembewa ulikuwa Mlango wa Messina, Julai 2024. Jaan Roose wa Estonia alitoka bara la Italia kwenda Sicily juu ya utepe wa mita 3,646 wenye upana wa sentimita 1.9. Zikiwa zimebaki kama mita 80 alianguka, kamba ya usalama ikamdaka, akapanda tena na kumaliza. Rekodi ya kuvuka bila kuanguka haikuwa yake siku ile. Kwa heshima, mimi namhesabia.

Na iliyo juu zaidi kati ya nilizozifuatilia? Desemba 2021 Rafael Bridi wa Brazili alitembea kati ya maputo mawili ya hewa moto, mita 1,901 kutoka ardhini.

Dyneema ina maudhi yake. Huyeyuka kwenye joto la kama nyuzi 150, wakati nailoni na poliesta huvumilia zaidi ya 200, kwa hiyo msuguano ni adui. Inateleza mno hata fundo la kawaida hujifungua, ndiyo maana utepe wa namna hii huzungushwa kwenye kishikio cha chuma cha mviringo. Nyuzi ya Kevlar, aliyoivumbua Stephanie Kwolek mwaka 1965, hustahimili moto vizuri sana, lakini jua na kukunjwakunjwa huiharibu. Kwa mchezo huu nisingeigusa.

Katika habari za nyuzi lazima niutaje na mkonge. Mjerumani Richard Hindorf aliuleta Tanganyika mwaka 1893, na miche iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Mwaka 1964 uzalishaji ulikuwa umepita tani 200,000 na nchi ikiongoza duniani. Kisha zikaja kamba za plastiki, jamaa wa karibu wa nyuzi ninazozisifu hapa, na mashamba ya Tanga yakaanguka. Siwezi kuandika juu ya ubora wa nailoni bila kukumbuka kilicholipwa kwa ajili yake. Mkonge wenyewe hauwezi kubeba mtembeaji wa leo kwa usalama. Ni mgumu, huoza, na hauna unyumbufu wa kumpokea anayedondoka.

Sasa turudi Thamesmead, kando ya ziwa Southmere. Kijana akiniuliza anunue upi, kwanza namkumbusha kitanda cha kamba. Kikiwambwa kwa kukaza sana, kila ukikikalia miti hulia na viungo hufumuka. Kikiachiwa kidogo, kinabeba ukoo mzima. Utepe ni hivyohivyo. Mtu wa kilo 80 akisimama katikati ya utepe wa mita 20 ulioshuka nusu mita, kila mwisho unavutwa kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 800. Ukiukaza mpaka ushuke robo mita tu, nguvu hiyo inakuwa kilo 1,600. Na miti hapa haina historia ndefu: kabla ya ujenzi kuanza mwaka 1967 hii ilikuwa ardhi ya kinamasi na viwanja vya silaha vya Woolwich Arsenal. Shina lisilojaza kumbatio la mtu mzima, liache. Lililo nene livishe zulia kuukuu kabla ya kulifunga, na ruhusa iombwe kwa shirika la Peabody, linalousimamia mji tangu 2014.

Kwa hiyo jibu langu ni poliesta, yenye upana wa sentimita 5, urefu usiozidi mita 15, iwambwe chini ya goti. Haishikilii rekodi ya urefu, ya wepesi wala ya kuvutika. Ikinyeshewa inabaki ileile, na mguu mgeni unaipata upesi.

Jioni ukishaifungua, ivute yote taratibu kati ya kidole gumba na cha shahada. Ukihisi manyoya, simama, ielekeze kwenye mwanga na utazame kingo zake. Uzi wa pembeni ukiwa umekatika, hata mmoja, kipande hicho kifungie mizigo.