Fahamu: Video fupi inavyompata mtazamaji wa mtaani Guildford
Mwenye duka la mikate Guildford, magharibi mwa Sydney, hanufaiki na watazamaji milioni moja walio Marekani. Anawahitaji mia chache wanaoshukia stesheni ya treni ya mtaani kwake. Ndiyo maana jina la mahali peke yake halitoshi kwenye video yake: Guildford nyingine iko Perth, na nyingine Surrey, Uingereza. Video itaje Sydney, ionyeshe barabara inayojulikana, na iwe na maandishi ya Kiarabu pia, lugha inayozungumzwa sana majumbani huko. Wala wafuasi wachache si kikwazo: TikTok ilieleza mwaka 2020 kwamba idadi ya wafuasi si kigezo cha moja kwa moja cha kupendekeza video. Uzito mkubwa huwekwa kwenye kuitazama hadi mwisho. Hapo hata asiye na jina ana nafasi.

Wapo watakaosema mtaa ni mdogo mno, tena sheria ya Australia iliyoanza kutumika tarehe 10 Desemba 2025 inawazuia walio chini ya miaka 16 kuwa na akaunti kwenye mitandao kama TikTok. Ni kweli, lakini anayenunua mkate wa nyumbani ni mzazi, naye bado yupo. Haba na haba hujaza kibaba: majirani mia wanaorudi dukani ni mtaji mkubwa kuliko umaarufu wa mbali.