Meli ya Vita Iliyorudisha Wakimbizi

Ukitoka Luvungi ukashuka njia ya Uvira, unafika Ziwa Tanganyika. Mwaka 1997 ndugu zetu wengi waliokimbilia Tanzania waliteremka pale wakirudi nyumbani, ndani ya meli Liemba. Je, unajua kazi ya kwanza ya meli hiyo? Ilikuwa vita!

Wajerumani waliitengeneza Papenburg mwaka 1913, wakaiita Graf von Götzen. Kisha wakaifungua vipande vipande, wakavitia katika sanduku 5,000. Vikapita baharini hadi Dar es Salaam, halafu kwa treni hadi Kigoma. Mwaka 1915 iliingia majini, meta 70 na zaidi, na mzinga juu yake.

Waingereza nao hawakulala. Walileta mashua mbili ndogo, Mimi na Toutou, kupitia Cape Town na milima ya Katanga. Huko zilivutwa na ng'ombe na mashini za mvuke, hata zikafika Lukuga, ndiyo Kalemie ya leo. Tarehe 26 Desemba 1915 wakakamata Kingani ya Wajerumani. Februari 1916 wakazamisha Hedwig von Wissmann.

Wabeleji walipokaribia Kigoma, Julai 1916, Wajerumani waliizamisha Götzen wenyewe, adui asiipate. Lakini sikilizeni, vijana: mafundi walioiunganisha walizipaka kwanza mashini zake grisi nene. Ninyi wa migodini mwajua namna kutu inavyokula chuma majini. Wabeleji waliiinua, ikazama tena mwaka 1920 kwa dhoruba. Waingereza wakaiinua mwaka 1924 na, kumbe, mashini zilikuwa bado nzima! Mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina Liemba.

Basi ule mwaka 1997, kwa kazi ya UNHCR, ilifanya safari 22 kati ya Kigoma na Uvira kwa miezi mitano, ikarudisha watu zaidi ya 75,000. Mwaka 2015 ikabeba wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga.

Mafundi wale walikuwa wameshindwa vita. Wangeweza kuvunja kila kitu kwa nyundo. Wakatunza, na miaka 81 baadaye mama wa Kivu akapanda meli ile na watoto wake. Nawe kijana, siku ukiondoka kazini, hata kwa uchungu, usiharibu chombo. Hujui nani atakihitaji kesho. Pengine ni mama yako.