Hewa ya Wizi Kwenye Injini ya Boti

Kabureta huchanganya hewa na petroli kwa kipimo: kwa uzito, karibu sehemu 15 za hewa kwa sehemu 1 ya petroli. Hewa ikipenya mahali pengine, ndiyo hewa ya wizi, na petroli inakuwa haba. Katika injini za mipigo miwili, ambazo bado husukuma maboti ya Bukavu kwenda Idjwi na Kalehe, hatari ni mara mbili, kwa sababu oili ya kulainisha husafiri ndani ya petroli hiyohiyo. Petroli ikipungua, oili nayo hupungua. Pistoni hupata joto, hukwaruzika, na inaweza kukwama boti ikiwa katikati ya ziwa.

Ziwa Kivu liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi. Kabureta iliyopimwa kwa ajili ya pwani hutoa petroli ya ziada huku juu, hivyo tundu dogo la hewa hujificha kwa muda mrefu. Dalili zikionekana wazi, tundu limeshakua.

Mafundi wengi hukimbilia kufungua kabureta na kuzibua vijitundu vyake, kwa kuwa petroli ya chupa za barabarani huwa na uchafu. Ni haraka isiyo na faida. Kwanza ijulikane hewa inaingilia wapi.

Injini ikikosa nguvu kwenye mwendo mkubwa, kisha ikafufuka mpira wa kupampu mafuta unapobinywa, shaka iangukie njia ya petroli: mpira uliopasuka, kiungio kilicholegea, bomba la tangi. Kipande cha mpira unaoonyesha ndani kikiunganishwa hapo, mapovu yataonekana.

Injini ikienda mbio ingawa gesi imeachiliwa, au ikipanda na kushuka yenyewe, na plagi ikatoka nyeupe badala ya kahawia, hewa inapenya baada ya kabureta. Injini ikiwa inanguruma majini, maungio kati ya kabureta na injini yapakwe maji ya sabuni, mbali na nyaya za plagi. Penye tundu, povu hufyonzwa na mlio hubadilika. Petroli isitumike kwa jaribio hili, huwaka moto.

Gasketi iliyochoka ibadilishwe, wala isizibwe kwa silikoni ya kawaida, ambayo petroli huilegeza. Mhimili wa kabureta ukicheza unaposukumwa kwa kidole, umelika, na gasketi mpya haitausaidia. Skrubu ya kabureta isiguswe kabla tundu halijapatikana: kuongeza petroli kunaficha ugonjwa, hakuuponyi.